Bastola za Zamani za Vita na Usomaji wa Alama Zake

Wako watu wakusanyao bastola za zamani za kijeshi kwa ajili ya uzuri wake, na wako wazikusanyao ili kupata habari zake. Kazi ya hawa wa pili yafanana sana na ile ya mhariri wa miswada: huwapasa kutenganisha maandishi ya asili na yaliyoongezwa baadaye, na kuyapima masimulizi yanayoandamana na hati. Tofauti ni kwamba maandishi yao yamepigwa juu ya chuma.

Mfano ulio wazi ni rivolva ya Webley, yaani bastola yenye silinda ya kuzunguka, iliyoundwa Birmingham, Uingereza. Jeshi la Uingereza lilikubali toleo la kwanza mwaka 1887, na toleo la sita tarehe 24 Mei 1915, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimepamba moto. Toleo hili la sita lina matundu sita ya risasi za kipimo cha .455 na mtutu wa inchi 6. Nalo hukunjwa katikati, maganda yote yakatoka kwa mara moja. Kwa kawaida mwaka wa kuundwa kwake umepigwa kwenye kiunzi.

Mapigano ya Tanga, ambayo Waingereza walishindwa na Wajerumani, yalikuwa mwanzoni mwa Novemba 1914. Basi mwenye bastola ya toleo la sita akisimulia kwamba ofisa fulani aliishika siku ile ufukweni, masimulizi hayo hayana budi kuanguka, hata yakiwa yamerithiwa kwa uaminifu kutoka kwa babu. Lakini bastola iliyopigwa mwaka 1916 haithibitishi kwamba ilifika Afrika ya Mashariki. Yathibitisha tu kwamba haikuwako kabla. Alama huweza kukanusha upesi kuliko iwezavyo kuthibitisha, na mtafiti mwema huridhika na kadiri hiyo.

Ziko alama nyingine. Mshale mpana ni dalili ya mali ya serikali. Mishale miwili iliyokutanishwa ncha ni dalili kwamba silaha ilitolewa jeshini ikauzwa. Bastola isiyo na mshale huenda ilinunuliwa na ofisa mwenyewe, kwa kuwa maofisa wengi wa Kiingereza walijinunulia silaha zao, mradi zipokee risasi za jeshi.

Mtu aweza kuuliza kwa nini kutaabika na alama hizi, ilhali serikali ina majalada. Jibu ni kwamba majalada hayakubaki yote. Mnamo Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza ghala la nyaraka jijini London, na zaidi ya nusu ya majalada ya askari waliopigana katika vita vile yakaangamia. Pale karatasi ilipoungua, pengine chuma ndicho shahidi aliyesalia.

Kwa hiyo hasara kubwa hutoka kwa mikono ya wapenzi wenyewe. Anayesugua kutu kwa msasa na kutia rangi mpya hupata bastola ya kung'aa, lakini tarakimu na mishale hufifia au kutoweka kabisa. Vilevile, bastola nyingi zilizouzwa Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili zilikatwa silinda kwa nyuma ili zipokee risasi za .45 za nchi ile. Kitendo hicho kiliharibu umbo la asili. Tena kilileta hatari, maana msukumo wa risasi hizo ni mkubwa kuliko ule ambao silaha iliundiwa.

Mhariri hathubutu kufuta maneno ya mswada kwa sababu karatasi imechakaa. Mkusanyaji naye yampasa kuiacha kutu iliyotulia, kuipaka mafuta kidogo, na kunakili kila alama pamoja na mahali ilipo kabla ya kuandika habari yoyote ya vita. Alama ikishafutwa, hakuna tena cha kuyapimia masimulizi, na uongo na kweli huwa na uzito mmoja.