Dirishani Kabla ya Daktari

Mjadala wa huduma za afya Tanzania hukwama kwenye umiliki: hospitali ni ya serikali au ya mtu binafsi? Historia yetu yenyewe inaonyesha kwamba swali hilo halitufikishi mbali. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Mwaka 1991 zikaruhusiwa tena, na hilo ndilo badiliko linalotajwa zaidi. Lililowagusa wengi lilikuja 1993, hospitali za serikali zilipoanza kutoza ada. Jengo lilibaki la umma na madaktari ni walewale, ila sasa mgonjwa alipitia kwanza dirisha la malipo.

Kinyume chake ni hospitali teule za wilaya: mwenye mali ni kanisa, lakini serikali inachangia mishahara na dawa. Uingereza nako, tangu mfumo wa afya wa umma alioupigania waziri wa afya Aneurin Bevan uanze tarehe 5 Julai 1948, madaktari wengi wa mitaani wamebaki watu wa kujitegemea wenye mkataba na serikali, na anayekwenda kuwaona halipi kitu. Wingi wa fedha nao hauamui: Marekani hutumia takriban asilimia 17 ya pato la taifa kwa afya, Uingereza kama 11. Bado Wamarekani zaidi ya milioni 20 hawana bima.

Mifumo hutofautiana, basi, kwa wakati wa kulipa: mtu akiwa mzima, pamoja na wenzake, au akiwa anaumwa, peke yake. Nimewahi kupanga foleni nyuma ya mama aliyeshika karatasi ya vipimo, mwanawe amemlalia begani. Mtoto alishavuka miaka mitano, kwa hiyo msamaha wa ada haukumhusu. Mama alipotajiwa kiasi alisogea pembeni akapiga simu: kwa kaka yake, kwa shoga yake, mwisho kwa mwenye nyumba wake. Wanaosema ushindani utashusha bei wamfikirie huyu. Angelinganisha bei wapi, na homa ile?

Ndiyo maana siamini bima ya hiari, inayomwachia mtu asubiri hadi augue. Toto Afya Kadi, bima ya hiari ya watoto, iliuzwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi waliandikisha watoto waliokwisha kuugua, jambo ambalo mzazi yeyote angelifanya, na mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja kwa kuwa matumizi yalizidi mno michango. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka huohuo, imefanya vyema kuweka ulazima.

Lakini ulazima ufuate kalenda ya mlipaji. Wilayani Igunga, ambako Mfuko wa Afya ya Jamii, bima ya wanavijiji, ulianza kwa majaribio mwaka 1996, mkulima wa pamba hushika fedha baada ya mavuno. Malaria humkuta masika, akiba imekwisha. Mchango wake ukatwe palepale kwenye mzani, chama cha msingi cha ushirika kikiwa bado kinahesabu fedha zake.