Kabla umcheke Farha

Las Vegas, 2003. Fainali ya World Series of Poker imebaki na wawili: Sam Farha, mchezaji mzoefu, na Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyefuzu kupitia intaneti. Moneymaker anasukuma kila kitu mezani. Hana hata jozi, anatisha tu. Farha ana tisa mbili. Anawaza, anatupa karata. Mwishowe Moneymaker anabeba dola milioni 2.5.

Ni rahisi kumcheka Farha. Lakini mazee, sisi tumeona karata zote kwa TV. Yeye aliona zake na za mezani tu, na hapo mezani kulikuwa na shupaza tatu. Mwenzake angekuwa na mbili zaidi, tisa zingemsaidia nini? Pima uamuzi kwa kilichojulikana saa ile. Wewe ungefanyaje?