Makabati ya jikoni: Kazi ipi ya mwenyewe, ipi ya fundi?

WENYE nyumba wengi mjini Migori na Homa Bay huyakuta makabati ya jikoni yamekwisha kukazwa ukutani, kwa vipimo ambavyo hawakuvichagua wao. Haupiti muda kabla ya haja ya kuyabadilisha kujitokeza: mtungi wa gesi haupiti mlangoni, droo inakwama, au kaunta iko juu kupita kiasi.

Hili la kimo si dogo. Makabati mengi ya chini hutengenezwa kwa kimo cha sentimita 90 hivi, kipimo kilichozoeleka katika nchi za ng'ambo ambako mpishi hukata mboga na kukoroga supu. Anayesonga ugali, au kuon kama uitwavyo kwa Kijaluo, hutumia nguvu za mabega. Jiko likiwekwa juu ya kaunta hiyo, mdomo wa sufuria humkaribia mpishi kifuani. Dawa yake ni kushusha sehemu ya jiko peke yake na kuacha kaunta iliyobaki ilivyo.

Je, kazi hiyo aifanye nani? Kabla ya kuulizia bei ya fundi, mwenye nyumba ajiulize kama kosa likitokea litaweza kusahihishwa. Kubadilisha vipini, kusogeza rafu, kupaka rangi au kufunga bawaba mpya ni kazi ya bisibisi na subira. Mlango uliolegea mara nyingi hauna ubovu wowote. Bawaba za kisasa zina skrubu za kuupandisha, kuushusha na kuusogeza kando. Ni hasara kumlipa mtu kwa kazi ya dakika kumi.

Kukata mbao ni jambo jingine. Makabati mengi ya siku hizi si ya mvule wala mkangazi. Ni ya chipubodi au MDF, yaani vumbi na vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi na kufunikwa ganda jembamba. Ganda hilo likikatwa, ukingo unaobaki wazi hunyonya maji, huvimba na haurudi tena ulivyokuwa. Karibu na sinki uharibifu huu huja upesi. Tena skrubu ikichomolewa mara mbili tatu katika chipubodi, tundu hupanuka na haishiki tena.

Ipo njia ya katikati ambayo hupuuzwa bila sababu. Pima mwenyewe, mara mbili, kisha peleka vipimo kwenye karakana ya mbao yenye mashine ya kukatia na kuziba kingo. Utalipia ukataji tu, na kuunganisha utajifanyia nyumbani.

Makabati ya juu yahitaji tahadhari zaidi. Ukuta wa mawe au matofali huyabeba yakikazwa kwa skrubu ndefu na plagi zake. Ukuta wa miti na udongo uliopigwa lipu ya saruji, ambao bado ni wa kawaida nje ya miji hii, haufai kuachiwa mzigo wa sahani. Hapo fundi mwaminifu atakushauri utumie kabati la kusimama sakafuni.

Gesi ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mtungi wa kilo 13 ukijazwa huzidi kilo 25 ukijumlisha chuma chake, na wengi hung'oa rafu ili waufiche kabatini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini, na ndani ya kabati lililofungwa hungojea cheche. Heri mtungi ukae nje penye kivuli. Ukilazimika kuuweka ndani, matundu ya hewa yatobolewe chini kabisa ya kabati, usawa wa sakafu, yaelekee penye hewa ya wazi. Kuhamisha nyaya za umeme nako si kazi ya kujaribia. Sheria humtaka fundi mwenye leseni ya EPRA.

Katika kumchagua seremala, cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani yenye kituo Kisumu, ni dalili njema. Hata hivyo, mafundi wengi hodari wa jua kali hawana. Omba uonyeshwe jiko alilolitengeneza miaka miwili iliyopita, ufungue droo zake.

Nunua vifaa mwenyewe, ulipie kazi kwa awamu, na awamu ya mwisho ibaki hadi milango yote ifungike. Mpangaji apate kwanza idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, kwa kuwa kilichokazwa ukutani huhesabiwa kuwa sehemu ya jengo. Mapatano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo uhifadhiwe. Fundi akitoweka na pesa, hivyo ndivyo vielelezo vitakavyotakiwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni.