Vibao vya Kihistoria vya Texas

Vibao vya kihistoria vya Texas ni alama za kudumu, nyingi zikiwa za alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, ambazo huwekwa kwenye makanisa ya mashambani, makaburini na palipokuwa na miji iliyotoweka. Mamia ya alama za mawe ya graniti ziliwekwa kwa maadhimisho ya mwaka 1936, miaka 100 baada ya jimbo hilo kujitenga na Mexico. Siku hizi kazi ya kuweka vibao husimamiwa na Tume ya Historia ya Texas. Thamani ya vibao hivyo huonekana zaidi mahali kama Indianola, bandari ya Ghuba ya Matagorda walikoshukia maelfu ya wahamiaji wa Kijerumani, ambayo kimbunga cha 1875 kiliua mamia ya watu na kile cha 1886 kikaumaliza mji wenyewe. Hata hivyo, kwa kuwa kibao huombwa na kugharimiwa na wenyeji wenye ushahidi wa maandishi, vijiji vya Waamerika Weusi vilivyoanzishwa na watu waliotoka utumwani baada ya 1865, ambavyo mara nyingi vimebakiza kanisa na makaburi tu, vilipuuzwa kwa muda mrefu, na huo ni upungufu mzito ambao Tume imeanza kuurekebisha kwa kugharimia vibao vya historia zisizosimuliwa vya kutosha.