Jiwe la Langoni
Wengi wakifika Fort Jesus hukimbilia juu kwenye mizinga, wapige picha ya bahari. Mimi juzi niligandia langoni. Juu yake pana jiwe la Kireno la Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni 1635, umri miaka 27. Rika langu! Jamaa anajisifu ameikarabati ngome, amewaadhibu Pate na Siyu, amezibomoa kuta zao. Ukuta unaringia kubomolewa kwa kuta za wenzake, jamani. Mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na kubatizwa Goa, alikuwa ameiteka ngome hii 1631 na kumuua kapteni. Jiwe linamwita dhalimu. Baba yake aliuawa 1614 kwa njama za Wareno, hilo halikuchongwa.