Ngurumo Juu ya Bwawa la Kuogelea

Dubai Opera, ukumbi wenye umbo la jahazi jirani na Burj Khalifa, ulifunguliwa tarehe 31 Agosti 2016, Plácido Domingo akiimba. Hukaa watu wapatao 2,000. Viti vya chini vikiondolewa na sakafu ikasawazishwa, ukumbi huohuo hufaa kwa karamu na dansi. Ufundi huo waonekana wa kisasa, lakini watu wa Vienna walikuwa na wa kwao tangu karne ya 19.

Dianabad lilikuwa jengo la kuogelea. Ikija baridi, bwawa lilifunikwa na watu wakacheza dansi juu yake. Humo ndimo valsi ya Johann Strauss mdogo kuhusu mto Danube ilimosikika mara ya kwanza, Februari 1867. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Februari, kwenye dansi ya chama cha wasanii cha Hesperus, akaleta polka yake ya ngurumo na radi, "Unter Donner und Blitz". Dubai ya siku hizo, chini ya Sheikh Hasher bin Maktoum, ilikuwa bandari ndogo ya wavuvi na wazamia lulu. 

Polka ilitoka Bohemia miaka ya 1830, dansi ya mapigo mawili. Vienna walizalisha aina zake kadhaa: ya Kifaransa, yenye mwendo wa madaha; polka-mazurka, ya mapigo matatu; na polka ya mbio, mrithi wa dansi ya galopi. Hii ya Strauss ni ya mbio, na kwa kawaida huchukua kama dakika tatu tu.

Utamu wake uko nyuma ya okestra. Fidla zinakimbiza wimbo mwepesi, lakini wenye kazi ni wapiga ngoma: timpani zinatetema mfululizo hadi ngurumo ivimbe, kisha matoazi yanapasua radi. Mpiga matoazi, ambaye kwenye simfonia huenda akakaa nusu saa akingojea pigo moja, hapa hapati hata nafasi ya kufuta jasho. Wala dhoruba hii haitishi mtu. Ni mvua ya walio ndani, glasi mkononi. Wanaotafuta humo falsafa wanajisumbua.

Pwani yetu ingeielewa polka hii upesi. Mwishoni mwa karne hiyohiyo vijana wa Lamu na Mombasa walichukua muziki wa bendi za kijeshi wakaufanya ngoma ya beni, ya kuchezwa na kushindana mitaani, si ya kusikilizwa kimya.

Polka za Strauss zilikwenda njia nyingine. Tangu tarehe 31 Desemba 1939 okestra ya Vienna Philharmonic imezifanya uti wa mgongo wa tamasha lake la mwaka mpya, na tangu 1959 televisheni inazirusha nchi za mbali. Wasikilizaji wameketi. Kiongozi wa okestra siku hizi anaweza kukimbia atakavyo, maana hakuna miguu ya kumwambia apunguze.