Ndege ya Kale na Ndege ya Sasa

Katika mwaka 1940 Wajerumani walitaka kuishinda Uingereza kwa nguvu za ndege zao. Askari wa anga wapata 3,000 waliwazuia, wengi wakirusha Hurricane na Spitfire. Katika hao, 544 waliuawa.

Mwaka 1957 Waingereza waliunda kikosi cha kuzitunza ndege hizo na kuzirusha kwa ukumbusho. Tena mwaka 2015, vita ile ilipotimiza miaka 75, Spitfire ilirushwa pamoja na Typhoon, ndege ya jeti. Typhoon hupita mwendo wa sauti, wala Spitfire haiwezi kuifuata. Basi kijana hana budi kupunguza mwendo ili aende na mzee.

Lakini Mei 2024 Spitfire moja ya kikosi hicho ilianguka, rubani akafa. Je, si heri ndege hizo ziwekwe chini? Wengine husema hivyo, nao wana haki. Walakini ndege iliyosimama huonyesha umbo tu. Irukayo huwasikizisha wajukuu mngurumo ule ule waliousikia babu zao. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini anayeishika na ajue gharama yake.